Zana ya kutafuta maneno imekuwa nzito: utalijuaje hilo kwa hakika?

"Kaka, hii zana imelegea. Mwezi uliopita haikuwa hivi."

Aliyesema ni kijana ninayefanya naye kazi. Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa pili, ndani ya chumba chetu cha Ngamiani chenye feni moja. Anayeijua Tanga wakati huo wa mwaka anajua saa hiyo ilivyo: shati limeganda mgongoni, na laptopu ukiigusa kwa chini unaondoa mkono. Mbele yetu kulikuwa na gigabaiti 3 za maandishi ya Kiswahili, yaani mihtasari ya vikao vya ushirika, barua za mashamba ya mkonge na simulizi za wazee tulizozinakili kutoka kwenye kanda neno kwa neno. Kazi yetu ya kila siku ni kutafuta humo. Mtu anauliza, "Wapi wametaja reli ya Korogwe?" nasi tunaandika amri moja kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, majibu yanashuka.

Amri hiyo inaendesha zana ndogo tuliyoiandika wenyewe, na huyo kijana ndiye fundi wake mkuu. Kwa hiyo hakuwa akilalamikia kazi ya mtu mwingine. Alikuwa na hofu kwamba yeye mwenyewe, katika mabadiliko ya wiki chache zilizopita, ameiharibu.

Nikamwuliza, "Umepimaje?"

Akasema toleo la zamani alilipima asubuhi alipofika, na toleo jipya kalipima sasa hivi. Nikamwomba tusiguse kwanza msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe.

Programu inaweza kuharibika kwa namna mbili. Ya kwanza inajitangaza: jibu si sahihi, au programu inazimika ghafla. Ya pili iko kimya. Jibu ni lilelile, kila kitu kiko mahali pake, ila kilichokuwa kikichukua sekunde 1 sasa kinachukua sekunde 2. Hiyo ya pili nitaiita kurudi nyuma kwa kasi. Majaribio ya kawaida hayaioni, kwa sababu majaribio ya kawaida yanauliza kama jibu ni sahihi, hayaulizi limechukua muda gani. Na macho ya binadamu yanadanganyika kwa urahisi sana: siku mtandao ni mzito kila kitu kinaonekana kizito, hata kisichotumia mtandao.

Ili ujue kitu kama hiki kinaweza kupoteza kasi wapi, lazima kwanza ujue kasi yenyewe inatoka wapi.

Mama wa zana hizi zote ni grep, aliyoiandika Ken Thompson kwenye maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina lake limetokana na amri ya kihariri cha zamani kilichoitwa ed, g/re/p, yaani pita faili zima, tafuta ruwaza (yaani umbo la maneno unayoyataka), chapa mistari iliyolingana nayo. Baadaye ikaja GNU grep, ambayo ndiyo iliyomo kwenye kompyuta nyingi za mfumo wa Linux, na mwandishi wake wa mwanzo, Mike Haertel, mwaka 2010 alieleza siri ya kasi yake kwa mambo mawili: zana haiangalii kila baiti ya faili (baiti ni kipande kidogo cha data, herufi moja ya kawaida hukaa kwenye baiti 1), na kwa zile baiti inazoziangalia inafanya kazi ndogo kabisa.

Kutoangalia kila baiti! Watu wengi wakisikia hilo wanadhani ni utani, kwa hiyo tulifuatilie taratibu. Mbinu hii ilichapishwa na Robert Boyer na J Strother Moore mwaka 1977. Tuseme tunatafuta neno "mkonge" ndani ya maneno "shamba la mkonge". Mtu wa kawaida angeanza na herufi ya kwanza: hii s si m, sogea, hii h si m, sogea. Mbinu hii inaanza na mwisho wa neno. "mkonge" lina herufi 6, basi inaruka moja kwa moja kwenye herufi ya 6 ya maandishi na kuuliza ni nini. Ni a, ile ya mwisho ya "shamba". Katika "mkonge" hakuna a popote. Kwa hiyo haiwezekani neno liwe limeanzia kwenye nafasi yoyote kati ya zile 6 za mwanzo, na zana inasogea hatua 6 kwa mara moja bila kuangalia s, h, m wala b. Inaangalia tena herufi ya 12: ni k. Katika "mkonge", k ipo, na kutoka k hadi mwisho wa neno ni hatua 4, basi inasogea 4. Inaangalia: e. Inalingana na herufi ya mwisho. Sasa inarudi kinyumenyume, g, n, o, k, m. Limepatikana. Maandishi yana nafasi 16 tukihesabu na zile tupu, na zana imechungulia mara 8 tu.

Sasa tafuta "barabara" kwa mbinu hiyohiyo. Neno ni refu zaidi, herufi 8, kwa hiyo ungetarajia miruko mirefu zaidi. Lakini linaishia na a, na Kiswahili kimejaa a. Kila zana inapotua, mara nyingi inatua kwenye a, inadhani imepata, inarudi nyuma kukagua, inakuta siyo, inasogea hatua chache. Neno refu linaweza kuwa la taabu kuliko neno fupi. Kumbukeni jambo hili, maana ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Zana za leo zimeongeza nguvu nyingine. Prosesa za kisasa, zile chipu zinazofanya kazi yote ya kompyuta, zina maagizo ya pekee yanayolinganisha baiti 16 au 32 kwa mpigo mmoja. Zana kama ripgrep, iliyoandikwa na Andrew Gallant kwa lugha ya programu iitwayo Rust na kutolewa mwaka 2016, hutumia nguvu hiyo hivi: katika neno unalotafuta inachagua herufi inayokisia kuwa ni adimu, inaikimbilia hiyo kwenye maandishi kwa kasi kubwa, na inakagua neno zima pale tu inapoipata. Makisio hayo yanatoka kwenye jedwali la jinsi baiti zinavyojitokeza kwa kawaida. Swali la kujiuliza ni hili: kawaida ya nani? Katika Kiingereza z ni miongoni mwa herufi adimu kabisa, na k nayo haionekani sana. Katika Kiswahili huwezi kumaliza sentensi bila kwa, katika, kuwa, za, zote. Jedwali lililopikwa kwa maandishi ya Kiingereza na misimbo ya programu, likiambiwa litafute "mkonge", lina kila sababu ya kuchagua k. Na kwenye mihtasari yetu ya vikao zana itasimamishwa na k mara kwa mara.

Maana yake ni kwamba zana inaweza kuwa ya haraka kwenye kila kipimo kilichochapishwa duniani, na ikawa nzito kwenye meza yako. Inaweza hata kurudi nyuma kwa Kiswahili peke yake, toleo hadi toleo, bila mtu yeyote kugundua, kwa kuwa hakuna anayepima kwa Kiswahili. Gallant mwenyewe aliliona hili upande mwingine: vipimo vyake vya ripgrep vilitumia msimbo wa Linux na tafsiri za maneno ya filamu, na hizo tafsiri alizichukua za Kiingereza na za Kirusi, kwa sababu herufi ya Kirusi inakaa kwenye baiti 2 na hilo linabadilisha hesabu nzima. Tukingoja mtu wa mbali aongeze Kiswahili, tutangoja sana.

Turudi Ngamiani.

Kosa la kwanza la kijana wangu lilikuwa joto. Prosesa ikipata moto kupita kiwango inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Asubuhi chumba kina ubaridi wa bahari, prosesa inakimbia. Saa nane inatembea. Umeme ukikatika ndiyo zaidi, kwa sababu laptopu ikihamia kwenye betri huingia hali ya kubana matumizi na mwendo unashuka papo hapo. Ukipima toleo la zamani lote asubuhi na jipya lote mchana, umepima asubuhi na mchana. Tulichofanya ni kupima kwa kupokezana: la zamani, jipya, la zamani, jipya, tena na tena katika kikao kimoja, chaja ikiwa imechomekwa. Joto likipanda linawapandia wote wawili.

Kosa la pili ni la karibu kila mtu. Unapolisoma faili mara ya kwanza, linatoka kwenye diski. Linux inaliweka nakala kwenye kumbukumbu, na mara ya pili linasomwa kutoka huko, ambako ni haraka mno. Kwa hiyo atakayepimwa wa pili anashinda bila kustahili. Unaweza kuamua kupima na diski, ukiiamuru Linux imwage nakala hizo kila mara kabla ya jaribio, au kupima bila diski, ukiendesha amri mara mbili tatu za kupasha moto kabla hujaanza kuhesabu. Vyote viwili ni halali, ila usichanganye. Sisi tulichagua kupima bila diski kwa sababu tulikuwa tunaichunguza zana, hatukuwa tunaichunguza diski. Hapo lazima faili lienee kwenye kumbukumbu. Gigabaiti 3 kwenye mashine yenye gigabaiti 4 na kivinjari kikiwa wazi hazienei. Nakala zinafukuzana na unarudi kwenye diski bila kujua. Tulikata kipande cha megabaiti 500 kikawa ndicho cha vipimo, na tangu siku hiyo hakijaguswa.

Kosa la tatu lilikuwa langu mwenyewe, na lilinipotezea alasiri nzima. Nilitaka kulinganisha zana yetu na GNU grep, na sikutaka maelfu ya mistari yajaze terminali, kwa hiyo majibu ya kila zana niliyaelekeza kwenye /dev/null, lile shimo la Linux linalomeza chochote. grep ikamaliza kabla sijanyanyua kidole. Nikakaa nikiamini kwamba zana yetu haina thamani. Kumbe GNU grep ina akili hii: ikigundua kwamba majibu yanakwenda /dev/null, inajua hakuna atakayeyasoma, basi ikipata mstari mmoja tu unaolingana inasimama. Haikuwa imesoma hata sehemu ndogo ya faili. Nilipoyapitisha majibu kwenye amri nyingine ya kuhesabu mistari, grep ikafanya kazi yake yote na tofauti ikarudi kuwa ya kawaida.

Tangu hapo tuna sheria ambayo siivunji: kabla ya kutazama muda, tazama idadi ya mistari iliyopatikana. Zana mbili zikileta idadi tofauti, hazikufanya kazi moja na kuzilinganisha muda ni bure. Sheria hii inakamata mengi. ripgrep kwa kawaida yake inaruka mafaili yaliyofichwa, mafaili ya mfumo wa jozi (yasiyo maandishi), na yale yaliyotajwa kwenye orodha ya kupuuzwa ya git (programu ya kutunza historia ya msimbo), wakati grep ikiambiwa ipite folda zima inapita kila kitu. Mtu anasema ripgrep imeshinda mara kumi, kumbe sehemu ya ushindi ni kwamba imesoma mafaili machache. Ili iwe haki unaiongezea alama za kuiambia isipuuze chochote.

Lipo pia suala la mazingira ya lugha. Matoleo ya zamani ya GNU grep yalijulikana kwa uzito pale mfumo ulipowekwa kwenye UTF-8, utaratibu wa kuhifadhi herufi za lugha zote kwa baiti, watu wakazoea kuandika LC_ALL=C mbele ya amri ili maandishi yachukuliwe kama baiti tupu. Leo uzito huo umepungua sana, lakini tabia imebaki kwenye hati za amri za watu wengi, na mwenzako mmoja akiwa na LC_ALL=C na mwingine ana sw_TZ.UTF-8, vipimo vyenu havitakutana. Andikeni mazingira pamoja na matokeo.

Baada ya kupokezana matoleo, tulikuwa na namba. Namba nazo zina hila. Tuseme umeendesha amri moja mara 5 ukapata sekunde 0.81, 0.80, 0.82, 1.94 na 0.81. Wastani wake ni 1.04, muda ambao hakuna jaribio hata moja lililoukaribia. Ile 1.94 haisemi lolote juu ya zana: huenda kompyuta iliamua kupakua masasisho wakati huo. Kelele za kompyuta zinaelemea upande mmoja tu. Mambo mengi yanaweza kuichelewesha programu, lakini hakuna linaloweza kuifanya imalize haraka kuliko uwezo wake. Ndiyo maana mimi huangalia kwanza muda mdogo kuliko yote, hapa 0.80, halafu ule wa katikati, 0.81. Vikikaribiana, nina imani. Vikiachana sana, sina kipimo bado, narudia. Programu ya hyperfine inafanya yote haya kwa niaba yako: inapasha moto ukiiagiza, inarudia, inakuonya ikiona namba zimetawanyika. Ni ya bure na ninaipendekeza kwa mtu yeyote kabla hajaanza kuandika hati yake mwenyewe ya kupimia.

Lakini hata hyperfine haiwezi kukuambia kwamba asilimia 2 ni kitu. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Todd Mytkowicz walionyesha jambo linaloogofya kidogo: ukibadilisha ukubwa wa vigeu vya mazingira vya Unix, yaani mipangilio midogo ambayo mfumo huipa kila programu, vitu visivyohusiana kabisa na kazi ya programu, kasi ya programu inaweza kubadilika, kwa sababu tu data imekaa sehemu tofauti kwenye kumbukumbu. Kubadilisha mpangilio wa kuunganisha vipande vya programu nako kulileta mabadiliko ya namna hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia kaboresha zana kwa asilimia 2 kwenye laptopu yake, namheshimu lakini simwamini bado.

Kuna njia moja ya kukwepa joto, betri na kelele za programu nyingine kwa pamoja: usihesabu sekunde, hesabu maagizo ambayo prosesa imeyatekeleza. Linux ina programu ya kuyahesabu iitwayo perf, na Valgrind, kifurushi cha kuchunguzia programu, kina cachegrind. Maagizo hayaongezeki kwa sababu ya jua. Watengenezaji wa SQLite, programu ya hifadhidata, hutumia cachegrind kupima mabadiliko yao madogomadogo, na kwa mtu anayefanya kazi kwenye mashine moja kuukuu katika mji wenye joto, njia hii ni mkombozi. Ina mipaka yake: agizo moja linalolinganisha baiti 32 na agizo moja linalosubiri data kutoka kwenye kumbukumbu ya mbali yote yanahesabiwa moja. Kwa hiyo sisi tunaitumia kama kengele, na sekunde zinabaki kuwa hakimu.

Sasa matokeo. Tofauti nyingi aliyoiona kijana wangu ilitoweka tulipopima kwa kupokezana. Ilikuwa jua. Angeweza kuishia hapo akashukuru Mungu. Lakini sehemu ya uzito ilibaki, na haikutikisika hata tulipopima alfajiri. Zana kweli ilikuwa imerudi nyuma.

Kati ya toleo zuri la mwisho na toleo la sasa kulikuwa na mabadiliko 64. Kuyapima moja moja ni kazi ya siku nzima, na git ina amri iitwayo bisect inayofanya kama unavyotafuta jina kwenye daftari lililopangwa kialfabeti: fungua katikati, amua ni upande gani, tupa nusu. Kwa 64 ni hatua 6. Unaweza hata kuipa hati ndogo ya amri inayopima yenyewe, ikajibu 0 kama toleo ni zuri, 1 kama ni baya, na 125 kama halikuweza hata kujengwa, basi liruke. Hatari yake kwenye kasi ni kwamba jibu moja la uongo, kelele moja tu, linakutupa kwenye nusu isiyo sahihi na hatua zote zinazofuata zinafanyika kwa uaminifu mkubwa mahali pasipo na kitu. Kwa hiyo hati yetu ilipima kila toleo mara 10, ikachukua muda mdogo kuliko yote, na mstari wa kuamua tuliuweka katikati kabisa ya kasi nzuri na kasi mbaya, mbali na zote mbili.

Hatua ya sita ilituonyesha badiliko la mistari isiyozidi 20. Kijana alilitambua mara moja, akanyamaza kidogo. Ni badiliko alilokuwa akijivunia kuliko mengine yote.

Ilikuwa hivi. Mzee mmoja mtafiti wa mambo ya mifugo alikuja kulalamika kwamba akitafuta "ng'ombe" anapata nusu tu ya anayoyajua. Sababu ni ile alama ya king'ong'o. Ukiandika kwenye terminali inatoka alama iliyonyooka, baiti 1. Ukiandika kwenye programu za kuandikia barua au kwenye simu nyingi, inageuzwa kuwa alama iliyopinda, ambayo kwenye UTF-8 ni baiti 3. Kwa jicho ni neno moja. Kwa kompyuta ni maneno mawili. Ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, yote yamegawanyika hivyo katika maandishi ya Kiswahili kila mahali, na zana nyingi haziwezi kuliona hilo kwa kuwa hazikuandikwa na mtu anayelihitaji. Kijana alilitengeneza: zana ikawa inasoma kila mstari, inageuza kila alama iliyopinda kuwa iliyonyooka, halafu ndipo inatafuta. Mzee akapata ng'ombe wake wote.

Bei yake ndiyo hiyo tuliyoikuta. Ili kugeuza alama lazima uangalie kila baiti ya kila mstari, na ile siri ya Haertel ya kutoangalia kila baiti ikawa imekufa. Hata anayetafuta "mkonge", neno lisilo na alama yoyote, alikuwa analipia king'ong'o.

Nilikuwa mkali hapa na bado ni mkali: kulifuta badiliko lile kusingekuwa ukarabati. Zana inayokimbia na kuacha nusu ya ng'ombe nje ni zana mbovu. Swali lilikuwa namna ya kupata vyote. Alilala nalo, kesho yake akaja na jibu ambalo ni zuri kwa urahisi wake. Badala ya kuyabadilisha maandishi yote yafanane na neno, libadilishe neno likubali maandishi yote. Kama neno unalotafuta lina alama ya king'ong'o, zana inalitanua kuwa ruwaza inayokubali alama iliyonyooka au iliyopinda pale penye alama. Kama halina, haigusi kitu na njia ya haraka inabaki vilevile. Gharama inalipwa na anayetafuta ng'ombe, na hata yeye analipa kidogo.

Tulijua limefanikiwa kwa sababu kufikia hapo tulikuwa na orodha ya maneno ya kupimia, na hiyo orodha naiona ni mali kubwa kuliko zana yenyewe. Ina "mkonge", kwa miruko mirefu. Ina "barabara", kwa ajili ya taabu ya a. Ina "na", neno linalopatikana karibu kila mstari, ambalo kwa kweli linapima kasi ya kuchapa majibu kuliko kasi ya kutafuta. Ina neno la kubuni lisilopatikana popote, linalolazimisha faili lote lipitiwe. Ina utafutaji usiojali herufi kubwa na ndogo, na ruwaza za vitenzi kama vile zinazoanza na ku na kuishia na isha, maana ruwaza hukaa kwenye sehemu nyingine kabisa ya injini. Ruwaza ni mahali pa kuogopa: tarehe 2 Julai 2019 ruwaza moja iliyoandikwa vibaya ilimeza nguvu zote za prosesa za mitambo ya Cloudflare, kampuni inayopitisha na kulinda tovuti za watu, duniani kote, na tovuti nyingi zikaanguka nayo. Na ina "ng'ombe" kwa alama zote mbili, ambalo linapimwa kwa idadi kwanza, halafu kwa muda.

Orodha hiyo sasa inaendeshwa kila badiliko linapoingia, toleo jipya likipokezana na lililotangulia kwenye mashine ileile. Tofauti ikizidi asilimia 10 badiliko linasimamishwa hadi mtu aeleze. Lakini kulinganisha na la jana tu hakutoshi. Ukipoteza asilimia 1 kwa kila badiliko, hakuna hata moja litakalofikia 10, na baada ya mabadiliko 30 zana imekuwa nzito kwa karibu asilimia 35. Ni kama maji yanavyopwa pale Raskazone: huyaoni yakiondoka, unaona tu mashua imelala kwenye mchanga. Kwa hiyo tumechagua toleo moja la zamani liwe nanga, na kila jipya linalinganishwa nalo pia.

Wiki iliyopita tuliongeza faili jingine la vipimo: Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wa pwani hii walivyokuwa wakiandikiana barua. Humo kila herufi ni baiti 2, na baiti ya kwanza ya herufi hizo ni moja kati ya chache tu, zikijirudia mstari mzima. Zana ikichagua hiyo kama herufi adimu itasimama kila hatua. Jaribio la kwanza limeonyesha zana yetu inafanya kosa hilohilo. Kijana ameshaanza kulishughulikia. Safari hii anapima alfajiri, kabla jua halijapanda, na chaja ikiwa imechomekwa.